Mbwa wa Marehemu

Mume wangu alipofariki aliniachia cherehani, kitanda, koti la kazi na mbwa. Cherehani ilinilisha, kitanda nililalia, koti nikampa ndugu yake. Mbwa ndiye aliyekosa pa kuwekwa, na miezi ile ya mwanzo ya ujane wangu nilikuwa na kazi mbili, kushona na kumtafutia mbwa makao. Kati ya hizo mbili, kushona ndiko kulikokuwa mapumziko.

Mimi sikuomba mbwa. Enzi hizo za Mwingereza tulikuwa tukikaa kwenye shamba la mkonge upande wa Ngerengere, mume wangu akiwa karani wa vipande. Jioni wakata mkonge walipanga foleni mbele yake, naye akatia alama kwenye kadi ya kila aliyetimiza kazi yake ya siku. Bwana shamba wa wakati ule, Mgiriki, alifunga mizigo akarudi kwao, akamwacha mbwa wake kwenye mnyororo nyuma ya nyumba. Labda alidhani mpishi atamlisha. Mpishi naye alikuwa ameshaachishwa kazi na kuondoka. Siku mume wangu alipokwenda kuchukua funguo za ghala, alimkuta mbwa amelala juu ya mnyororo, mbavu zimetokeza zote. Akaja naye nyumbani. Nilipomuuliza huyu ni wa nini, akanijibu kwamba hakuweza kuondoka na huku anatazamwa vile. Nikamwambia hata mimi nakutazama kila siku, mbona nyama siioni? Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka yule, na ilikuwa taabu kumkasirikia.

Hata wakati huo mbwa hakuwa kijana. Mdomo wake ulishaanza mvi, ila miguu yake haikuwa imepata habari. Alfajiri kilipogongwa kipande cha reli, watu wakaitwa majina, yeye alikuwa ameshafika. Alifuatana nao mpaka konde, akazunguka mpaka wote wa konde lile, kisha akaja kulala pale walipoacha mashati na vifurushi vyao vya chakula. Hapo hakuna mkono uliogusa kitu mpaka mume wangu aje ampe ishara. Mume wangu alisema huyo ndiye mnyapara bora kuliko wote shambani, maana hatukani mtu. Jina lake lilikuwa la Kigiriki na sote tulilijua nusu. Mimi nilimwita “wewe”, naye aliitika.

Baadaye mume wangu akapata ukarani kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja karibu na bandari, tukahamia Dar es Salaam, tukapanga chumba Kinondoni. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima wa asili ya Kiarabu, aliyezaliwa papo hapo, na babu yake kabla yake. Sote tulimwita Bibi. Mbele alikuwa na duka la mchele, mafuta na sabuni, nyuma vyumba vya wapangaji, na wapangaji Wakristo tulikuwa sisi tu. Alimtazama mbwa, akasema anaweza kulala nje, nyuma ya ua, ila asikanyage uani ambako wanawake wanapika. Nikakubali upesi, maana mtu anayetafuta chumba hukubali kila kitu.

Mambo yakaenda. Alfajiri ikiadhiniwa, mume wangu alitoka na kifurushi chake kwenda kazini, maana alikwenda kwa miguu na ni mbali. Mbwa akamsindikiza mpaka barabara kubwa, akarudi. Kwake yeye adhana ile ilikuwa ndiyo kile kipande cha reli cha Ngerengere, na kwa akili zake hakukosea.

Kisha homa ikamchukua mume wangu. Nasema kwa kifupi kwa sababu hata leo sina nguvu ya kusema kwa kirefu. Aliugua, akapelekwa hospitali, na kutoka huko tukampeleka kaburini. Bibi alifunga duka. Wanawake wa nyumba ile, ambao hata kanisani kwangu hawakukujua, walipika, wakatandika mikeka, wakalala na mimi chini mpaka matanga yakaisha.

Mbwa hakuambiwa. Nani angemwambia?

Matanga yalipokwisha, alfajiri moja ikaadhiniwa, mbwa akaamka, akangoja mlangoni, hakutoka mtu. Akaona wanaume wa mtaa wanatoka majumbani mwao na kanzu zao wakielekea upande mmoja. Akawafuata kwa nyuma, kwa adabu, kama alivyozoea. Msikitini wakavua makubadhi yao, wakayaacha nje, wakaingia wakapanga safu. Sasa mbwa aliyezeekea kwenye shamba la mkonge, akiona wanaume wamekusanyika alfajiri, wameweka vitu vyao chini na kujipanga, atafikiri nini? Alifikiri ni kazi. Akalala mbele ya viatu akavilinda.

Walipotoka, akainuka akanguruma, akingoja ishara ya karani. Hakuna aliyepata kiatu chake. Wakatuma mtu kuniita, nami nikaenda mbio na kanga yangu ya kulalia. Nilikuta wanaume wazima wamesimama kwenye ngazi miguu mitupu, wote wakitazama juu, kwa kuwa kwa hesabu zao mimi ni mjane na niko edani, si vizuri kunikodolea macho. Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Jozi mbili mbwa alikuwa ameziwekea kidevu na kuzilowesha mate, na mate ya mbwa kwao ni najisi, kitu kikilowa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikasema nitaviosha mimi. Mwenye jozi moja akanijibu, “Hapana mama, pole na msiba,” akaenda zake pekupeku. Afadhali angenitukana.

Nilimfunga. Kamba ya mkonge, kitu alichokulia nacho, aliitafuna kama muwa. Nilimfungia kwenye kibanda cha kuni, akachimba chini. Aliyekuwa na miguu minne alikuwa na umri wa babu, na mimi niliyekuwa bado msichana kwa miaka ndiye niliyekuwa nakokota miguu. Karibu kila alfajiri nilikuwa njiani, kanga kichwani, kwenda kuwaombea watu viatu vyao. Na pale ndipo nilipoona alichokuwa akikifanya. Kila mwanamume aliyetoka, mbwa alimtazama usoni, akanusa, kisha akarudi kukaa. Alikuwa akimngoja mmoja. Nilijua, kwa sababu jioni mlango wa ua ukilia na mimi niliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, na aliyeingia kila mara alikuwa mtu mwingine.

Wazee wa msikiti hawakuja kwangu. Walikwenda kwa Bibi, kama inavyostahili. Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Bibi akaniita barazani kwake, akanipa kahawa kwanza, nikajua kuna neno.

“Mwanangu, mie sikufukuzi wewe,” akasema. “Lakini Ramadhani hiyo imefika. Msikiti utajaa mpaka nje. Mwezi ukiandama na huyu bado yupo, watu watanambia nimechagua mbwa nikaacha ibada. Itabidi nikuombe chumba changu.”

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana nilijua anasema kweli. Chumba kile ndicho kilichokuwa maisha yangu yote. Kwetu ni Upare, kwa wakwe zangu ni Songea, na huko kote nilikuwa ninangojwa nirudi nikawe mzigo wa mtu. Hapa nilikuwa na cherehani barazani na wateja walionijua. Nikamwambia Bibi nimesikia, nikaanza kutafuta.

Nilianza na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mwalimu wa shule huko Temeke, mwenye nyumba yenye ua wa miti. Alikuja kwa baiskeli, akamchukua mbwa kwa kamba huku akijisifu kwamba mbwa mzee ni rahisi, yeye na kivuli tu basi. Nikalala vizuri siku mbili. Asubuhi iliyofuata mbwa alikuwa nje ya mlango wangu na kipande cha kamba shingoni, amelikata jiji lote kutoka kusini hadi kaskazini. Mchana shemeji akafika, amelowa jasho, hana maneno mengi. Kumbe kuku wa jirani aliwakusanya wote kwenye kona moja akawazuia humo kutwa nzima, na usiku hakutulia, anazunguka nyumba. “Huyu si mzee, shemeji,” akaniambia. “Huyu ni askari wa zamu. Mie nina watoto wachanga, tulale saa ngapi?” Nikampa maji ya kunywa, naye akapanda baiskeli yake akaenda.

Nikaenda kwa katekista wetu. Akaniombea. Nikamwambia Baba, asante kwa sala, lakini mbwa je? Akasema mkewe anaogopa mbwa.

Mpishi mmoja wa kwetu Upare alikuwa akifanya kazi Oyster Bay, kwa Mzungu aliyekuwa akitafuta mbwa wa ulinzi. Nikampeleka huko, nimemwogesha, nimemchana. Mzungu alishuka ngazi, akamfungua mdomo akaangalia meno, akambonyeza nyonga, akasema na mpishi kwa Kiingereza. Mpishi hakutaka kunitafsiria. Nikamlazimisha. Kumbe Mzungu alisema mbwa amezeeka, kama nataka atanisaidia, bunduki anayo, ni risasi moja tu na mbwa hatasikia kitu. Na alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa lifti.

Nilisimama pale kwenye nyasi zake zilizokatwa na, sitaficha, nilifikiri. Mjini mbwa asiye na kibati cha leseni shingoni alikuwa akipigwa risasi hata hivyo. Ningerudi na kamba tupu, ningelala, ningekuwa na chumba. Mbwa alikuwa amekaa kando ya mguu wangu akitazama lango, sikio moja limesimama, anangoja tuambiwe kazi ni wapi. Nikamshukuru yule bwana, nikavuta kamba, nikarudi Kinondoni kwa mguu, nikiwa nimechoka mpaka nikawa namsema vibaya marehemu njia nzima. Nilimwambia ona sasa, ona ulichonifanyia na huruma yako.

Nilipofika, Bibi alikuwa akipima mchele. Aliniona nilivyo, akaniambia nikae kwenye gunia. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza yote, Temeke, kwa katekista, Oyster Bay, na wale wengine wa kanisani ambao sijawataja hapa.

“Kwa Wakristo watupu,” akasema.

“Ningekwenda kwa nani mwingine, Bibi? Kwenu mbwa ni haramu.”

Akaweka kibaba chini. “Nani kakwambia? Mate yake ndiyo najisi, na najisi huoshwa. Mbwa wa kukaa ndani kama mtoto, huyo hatumtaki. Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake, na wa kuwinda vilevile. Kaka yangu yuko Tegeta, kila siku ya Mungu nguruwe wanamlia muhogo wake. Kwa nini hukuniuliza mie?”

Nilipandwa na hasira, nikamuuliza na yeye mbona hakusema, mwezi unaisha na mimi nimezunguka mji mzima. Bibi akainamia mchele wake. Akasema kila siku alinisikia nikiwaambia watu kwamba huyu ni mbwa wa marehemu, anatakiwa apate makao mazuri. Aliona haya kumwambia mjane ampeleke amana ya mumewe porini akapigane na nguruwe. Mwaka na ushei tulikuwa tumekaa nyumba moja tukistahiana, kila mtu akijua kwa hakika mwenzake asingeweza kukubali nini.

Siku ya kwenda Tegeta, dereva wa basi alikataa mbwa, na wa lori akataka kumfunga juu ya mizigo ya makaa. Nikaona heri mguu. Barabara ya Bagamoyo wakati ule ilikuwa pori na mashamba, nyumba za kuhesabu. Mimi nilitembea njia hiyo mara moja, yeye aliitembea mara mbili, maana alitangulia, akarudi kuniangalia, akatangulia tena. Kila nilipokaa kupumzika alinizunguka, akanitazama usoni, akaona bado ni mimi, akaendelea. Kuvuka mto Mbezi nilivua viatu na sikuvivaa tena, miguu ilikuwa imevimba.

Kaka yake Bibi alikuwa anatungoja kando ya barabara, mzee mwembamba wa msuli na kofia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamtazama mbwa kwa mbali bila kumgusa. Hakuuliza umri. Aliuliza, “Anafanya kazi gani?” Katika wote niliowaendea, ni yeye tu aliyeuliza hivyo. Nikamweleza habari za mkonge, mpaka wa konde, vifurushi. Akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayemwandika kibarua.

Alikuwa ameshajenga kibanda cha makuti kwenye ukingo wa shamba la muhogo, upande wa msitu, na kando yake chungu kilichovunjika mdomo chenye maji. Chungu hicho, alisema, hakuna mtu mwingine atakayekigusa. “Hapa pake, kule kwangu. Hatutakosana.” Nilitazama kile kibanda. Hayakuwa makao mazuri niliyokuwa nikiwatangazia watu. Yalikuwa kituo cha kazi.

Mzee akachukua debe tupu akaligonga kwa fimbo, ndivyo alivyokuwa akifukuza nguruwe. Masikio ya mbwa yote mawili yakasimama. Akaingia kwenye muhogo, nikaona majani yanatikisika kufuata mpaka. Mzee akanifanyia ishara kwa mkono niondoke sasa hivi. Nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia amebweka mara moja, ya kuuliza. Sikugeuka, na wala haukuwa ujasiri, nilikuwa sina nguvu ya kugeuza shingo.

Ramadhani ikaingia. Alfajiri watu wakaswali, wakavaa viatu vyao, wakaenda makwao. Mimi nikawa nalala mpaka jua linatoka. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikujua nifanye nini nacho.

Bibi aliniletea habari kila kaka yake alipokuja mjini. Nguruwe wamehama upande ule. Mbwa anakula vizuri. Ila ana jambo moja, akasema: kila alfajiri, kabla ya mzunguko wake, anashuka barabarani, anakaa anatazama upande wa mjini mpaka kunapambazuka kabisa, ndipo anarudi kazini. Mzee hamzuii. Bibi alinieleza haya kwa kunihurumia. Na mimi, Mungu anisamehe, habari hiyo ilinifariji. Kila nilipozinduka alfajiri nilimfikiria kule, amekaa, nikageuka upande wa pili nikalala. Watu mtaani walikuwa wameshaacha kulitaja jina la mume wangu. Shemeji alikuwa ameanza kuniuliza kama sifikirii kuolewa.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya mahindi, nilimshonea yule mzee kanzu, nikaenda nayo mwenyewe kwa lori. Nilifika alasiri. Mbwa alinijia kutoka kwenye mabua, amenenepa, sikio moja limechanwa na nguruwe. Akanusa pindo la gauni langu, akanusa mikono, akaegemeza kichwa gotini pangu kwa uzito wake wote. Nilikuwa nimekuja na maneno tayari ya kumpoza, ya kumwambia jamani asichoke kungoja, hata mimi bado. Sikuwahi kuyasema. Mzee aligonga debe, kichwa kikatoka gotini, mbwa akaenda zake.

Mzee alijaribu kanzu juu ya nguo zake, akafurahi. Nikamuuliza kama mbwa bado anashuka barabarani alfajiri.

“Kaacha,” akasema. “Tangu mahindi yalipoanza kubeba. Asubuhi moja tu hakwenda, kabaki na mie. Basi, hajaenda tena.”

Alinieleza kwa furaha, kama anavyoelezwa mzazi kwamba mwanawe amepona. Nikamwambia nashukuru. Nikamuaga, nikashuka barabarani kungoja lori la kurudi mjini. Pale mzee aliponionyesha kuwa ndipo mbwa alipokuwa akikaa, nyasi zilikuwa zimeota tena. Nilikaa hapo hapo. Tulikuwa wawili duniani tuliokuwa bado tunamngoja mtu yule, na sasa nimebaki mimi. Nililia mpaka lori likafika, na taniboi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.